Muulize Mkunga: "Alinipiga kofi, akasema ananiokolea mtoto"

SWALI: Shikamoo Bibi Mkunga. Nina miaka 23, naishi Handeni. Nina mtoto wa kike wa miaka miwili na sasa nina mimba ya miezi mitano. Yule wa kwanza nilijifungulia hospitali. Nilifika saa nne usiku, nikapimwa njia, nikaambiwa bado sana, nikalale. Mama mkwe akarudishwa getini. Uchungu ulipozidi nilimwita nesi, akasema, "Wakati mnaitafuta hiyo mimba uliniita?" Wenzangu wa vitanda vya jirani wakacheka. Mtoto alipokaribia nikabana miguu. Sikukusudia, Bibi, mwili wenyewe ulijibana. Akanipiga kofi la paja, la pili likanipata shavuni, akasema, "Unataka kuniulia mtoto?" Mtoto alitoka salama. Nikashonwa nyuzi nne bila ganzi. Asubuhi nilimshukuru yule nesi. Mama mkwe anasema uzazi ndivyo ulivyo, na bila lile kofi mwanangu asingekuwa hai. Je, ni kweli? Na nikijifungulia nyumbani safari hii, kwa mama yangu mdogo anayezalisha kijijini, nitakuwa nimekosea?
Mama wa mmoja, Handeni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale uliposema ulimshukuru. Nitapafikia. Kwanza la kofi.

Si kweli. Kofi halikumwokoa mwanao. Mtoto anasukumwa na mji wa mimba, na mama anausaidia kwa pumzi yake. Mwanamke akishtuliwa, anafanya kile ambacho wewe ungefanya ukimwagiwa ndoo ya maji baridi mgongoni: anakata pumzi, anakaza mapaja, anakaza hata misuli ya chini ambayo wakati ule sisi wakunga tunaiomba ilegee. Kofi linaongeza kubana kule kule kunakolalamikiwa. Mwanao alitoka kwa sababu uchungu mwingine ulikuja na wewe ukasukuma. Nesi aliona kofi limetangulia na mtoto akafuata, akaamini ameokoa roho.

Najua anavyoamini kwa sababu na mimi niliamini hivyo hivyo. Mwaka 1991, nikiwa na miaka miwili tu kazini, katika kituo ambacho sitakitaja huku kwetu mkoani Tanga, nilimpiga mzazi. Ilikuwa usiku, taa ya chemli iko juu ya kabati la dawa, niko mimi na mhudumu mmoja. Alikuwa msichana wa miaka 18, mimba ya kwanza. Kila uchungu ukija anateremka kitandani, anachutama sakafuni huku ameshika chuma cha kitanda. Mimi nilifundishwa kwamba mzazi analala chali. Nikampandisha. Akashuka. Nikampandisha tena, akashuka tena. Mara ya tatu nikamtandika makofi mawili ya paja, nikamwambia mtoto akifa nitaandika kwenye kadi kwamba amemuua mwenyewe. Akapanda, akalala chali, akazaa mtoto wa kiume aliyelia pale pale.

Arobaini ilipokwisha alirudi kituoni na doti ya khanga mpya na kikapu cha embe dodo. Akapiga goti, akaniambia, "Asante mama, umenizalisha." Nikapokea. Khanga zile nilizivaa mpaka zikawa matambara ya kudekia.

Kuhusu kuchutama, yule msichana alikuwa na haki kuliko mimi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya kuhudumia uzazi, na mle imo kwamba mama ahimizwe kuchagua mkao anaoutaka, hata wa wima, na kwamba awe na mtu wake wa kumsindikiza leba. Imo pia kwamba watu waache kumkandamizia mama tumbo ili mtoto atoke, jambo ambalo nimeliona likifanywa kwa viwiko. Kwa hiyo usiku ule nilimpiga mtu kwa kosa la kufanya kilicho sawa.

Sasa nije kwenye shukrani yako. Mwaka 2011 na 2012 watafiti walifanya kazi katika wilaya za Korogwe na Muheza, chini ya mradi ulioitwa Staha. Waliwauliza wanawake wanaotoka kujifungua kama walitukanwa, walipigwa, walitelekezwa au walivuliwa heshima kwa namna yoyote. Wakiwa bado langoni mwa hospitali, wanawake 19 hivi katika kila 100 walisema ndiyo. Wiki kadhaa baadaye, walipoulizwa wakiwa nyumbani, waliosema ndiyo walifika 28 katika kila 100. Ulimi ulifunguka walipokuwa mbali na watu waliowashika. Nilipozisikia tarakimu hizo niliziwaza zile khanga. Miaka yote nilikuwa nimezihesabu kuwa ushahidi kwamba nilifanya vizuri.

Ulimshukuru nesi kwa sababu ulikuwa umeshika mtoto mzima mkononi na umefundishwa adabu. Hiyo haikufanyi mjinga wala haikufungi mdomo. Unaweza kumshukuru Mungu kwa mtoto na bado ukasema kofi lilikuwa kosa. Mama mkwe naye usigombane naye. Kwa wanawake wa rika lake, nina hakika ukimkalisha siku moja jikoni, wawili peke yenu, ukamuuliza yeye alizaaje, utasikia mambo ambayo hajawahi kumwambia mtu.

Kushonwa bila ganzi hakuna utetezi. Ganzi ya kushonea ni sindano ndogo, si dawa ya matajiri. Kama siku hiyo ilikuwa imekwisha ulitakiwa uambiwe kabla sindano haijakugusa. Ile lugha kwamba mtu aliyetoka kuzaa hasikii maumivu ya uzi ni uongo unaorithishwa kutoka mkunga hadi mkunga, na niliurithi nami.

La kujifungulia nyumbani nakukatalia, mwanangu, na nakukatalia kwa hofu ya kweli. Mama mdogo anaweza kuwa na mikono mizuri kuliko mimi. Lakini damu ikianza kutoka baada ya kondo la nyuma, na mji wa mimba ukakataa kukaza, mama aliye mzima kabisa anaweza kufa ndani ya saa mbili. Kijijini hakuna sindano ya kukaza mji wa mimba, hakuna dripu, hakuna damu ya akiba. Nimewapokea wanawake walioletwa kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili, khanga tatu zimelowa. Mmoja alikuwa bado anaongea tulipomteremsha, akauliza mtoto amenyonya? Hatukumpata.

Kwa hiyo mama mdogo asiwe mzalishaji wako, awe msindikizaji wako. Ukifika miezi saba, nendeni pamoja kwenye kituo unachokitaka, mchana, siku isiyo ya kliniki. Omba kumwona kiongozi wa wodi ya wazazi. Muulize maneno haya haya: "Mnaruhusu mtu wangu akae nami leba?" Wengi watakwambia hakuna mapazia kati ya vitanda, na kweli hayapo, ndiyo maana mpeleke mwanamke mwenzako; hoja ya kuwasitiri wenzako itakuwa imejibiwa. Wakikataa, uliza kituo kingine. Kituo cha afya kidogo chenye mkunga mwenye ulimi mzuri na gari la wagonjwa linalotembea kinaweza kukufaa kuliko hospitali kubwa, lakini kwa kuwa ulishonwa mara ya kwanza, mwache mkunga wa kliniki akupime na akwambie kama una dalili ya hatari inayokulazimu kwenda hospitali.

Vifaa pia. Sera ya Afya ya 2007 inasema huduma ya uzazi katika vituo vya serikali haina malipo, lakini unajua na najua kwamba utaambiwa uje na glavu, mpira wa kulalia, nyembe, uzi, pamba na khanga safi. Anza kununua sasa, kidogo kidogo. Sisemi hivyo ni haki. Nasema matusi mengi huanzia pale mama anapofungua mfuko na glavu hazimo.

Na lalamiko lako la miaka miwili iliyopita bado ni lalamiko. Liandike kama ulivyoniandikia mimi: tarehe, saa uliyofika, maneno uliyoambiwa, nyuzi nne bila ganzi. Mpelekee mganga mfawidhi wa hospitali, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya. Wasipojibu, lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ambalo kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 ndilo linalotupa sisi leseni na ndilo linaloweza kutuhoji. Hujui jina la nesi? Zamu zinaandikwa. Saa nne usiku na tarehe ya kuzaliwa mwanao zinatosha kumpata.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji hapa Kilifi. Tulipungukiwa pesa, wakamzuia siku tisa baada ya daktari kumruhusu, amelala kitanda kimoja na mzazi mwingine, mlinzi anamfuata hadi chooni. Nimeshalipa na ametoka. Nauliza tu kama walikuwa na haki hiyo.
Baba Kilifi

JIBU: Marahaba, baba. Hawakuwa nayo. Tarehe 17 Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu mjini Nairobi aliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu ya bili. Alisema kumfungia mzazi kwa sababu ya deni ni kuvunja haki zake, akaamuru walipwe fidia. Deni linadaiwa kama deni lolote, kwa barua na kwa makubaliano ya kulipa kidogo kidogo. Mwili wa mama si rehani.

Nikuongeze jingine la huko huko kwenu. Mwaka 2013, miezi michache baada ya serikali ya Kenya kutangaza kwamba kujifungua ni bure, mwanamke mmoja alizalia sakafuni kwenye korido ya hospitali ya Bungoma, vitanda vimejaa. Alipozinduka alikuta wauguzi wanamfokea na kumpiga makofi kwa kuichafua sakafu. Mtu alirekodi kwa simu. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa ushindi na fidia ya shilingi milioni 2.5. Weka risiti zote, pamoja na ile karatasi yenye tarehe ambayo daktari alimruhusu. Tofauti ya tarehe hiyo na tarehe ya risiti ya mwisho ndiyo kesi yako. Na mwulize mke wako, kabla ya wakili, kama yeye anataka jambo hili liende mbele.

SWALI: Shikamoo Mama. Naandika kwa heshima, ila moyo unaniuma. Kila mtu anatulaumu sisi. Mimi ni muuguzi mkunga, mwaka wa pili kazini. Usiku niko peke yangu, wazazi saba, vitanda vinne. Hakuna anayeandika habari za nesi aliyeshika mtoto kwa mkono mmoja na damu ya mwingine kwa mkono wa pili. Juzi nilimfokea mama wa miaka 17 mpaka akanyamaza kabisa, hakulia tena hata kichwa kilipotoka. Kule kunyamaza kwake kunanirudia nikilala. Nifanye nini?
Nesi wa usiku

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyenifanya nichelewe kupeleka ukurasa huu kwa mhariri.

Wazazi saba kwa mkunga mmoja ni dhuluma, na unadhulumiwa wewe pamoja nao. Liandike hilo kwenye kitabu cha ripoti kila asubuhi unapokabidhi zamu: idadi ya wazazi, idadi ya wakunga, vifaa vilivyokwisha. Liandike hata kama metroni anakunja uso. Siku mambo yakiharibika kitabu hicho ndicho kitakachokusemea.

Lakini uchache wetu haukumtukana yule binti. Nimefanya kazi na mkunga mmoja, marehemu sasa, ambaye alikuwa peke yake kama wewe, katika miaka ambayo hata maji tulichota kisimani, na sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Alikuwa na tabia moja: kabla ya kumgusa mzazi anasema anachotaka kufanya. "Naweka mkono tumboni." "Sasa napima njia, vuta pumzi." Maneno manne, matano. Nilidhani anapoteza muda. Wazazi wake hawakubana miguu, kwa sababu hakuna mkono uliowajia ghafla.

Upo utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika Ghana, Guinea, Nigeria na Myanmar. Watafiti walikaa ndani ya leba wakitazama wanawake 2,016. Waliofanyiwa ukatili wa mkono, wa maneno au wa kubaguliwa walikuwa 838. Na sehemu kubwa ya makofi na matusi ilitokea katika muda mfupi mno: kuanzia nusu saa kabla ya mtoto kutoka hadi robo saa baada ya kutoka. Wadogo wa umri na wasiosoma ndio walioumia zaidi. Ukisoma hapo utamwona yule wako wa miaka 17.

Ile nusu saa unaijua. Ni pale ambapo unatakiwa usikilize mapigo ya mtoto kila dakika tano, ufungue glavu, uandae sindano, na kitanda cha tatu kinaita. Woga unakupanda kooni na unatoka kama tusi. Kwa hiyo jiandae kabla haijafika. Mzazi akifika, mruhusu mtu wake aingie. Yule mama mkwe aliyerudishwa getini kule Handeni angeweza kumpa mkwewe maji, kumsugua kiuno, kumwambia usiogope, na nesi akabaki na kazi zake mbili za mikono. Mzazi akiwa amebana, mgeuze ubavu. Ubavuni mapaja yanalegea yenyewe, na wewe unaona njia vizuri. Mpe maji, maana nusu ya ukaidi ninaoukumbuka wodini ulikuwa kiu na uchovu. Kisha shusha sauti yako wewe. Wakati wa kichwa kutoka mama hasikii sentensi ndefu, anasikia sauti ya mtu mmoja tu, na sauti hiyo ikiwa ya chini ataitafuta.

Ukibahatika kupata ile fomu mpya ya kufuatilia uchungu iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 kuchukua nafasi ya ile karatasi ya zamani iitwayo partografu, itazame sehemu ya juu. Kabla ya kufika kwenye mapigo na njia, inakuuliza: ana msindikizaji? Amepata kitu cha kupunguza maumivu? Amekunywa? Yuko katika mkao gani? Hata kama kituoni kwako haijafika, yachore maswali hayo manne kwa kalamu pembeni ya karatasi yako. Nilipoanza kufanya hivyo, miaka yangu ya mwisho kazini, niligundua kwamba siku ambazo safu hizo zilikuwa tupu ndizo siku nilizokuwa nimefoka.

Sasa la kunyamaza kwake. Kwenye jibu la kwanza hapo juu nimeeleza juu ya msichana niliyempiga mwaka 1991, na khanga alizoniletea. Mwaka 2014 nilimtafuta. Haikuwa kazi ngumu, kijiji ni kile kile. Nilimkuta anapeta mchele barazani, mwanamke mtu mzima, mjukuu mgongoni. Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi kwa makofi yale, nikitegemea aniambie ameshasahau. Akaweka ungo chini. Akasema anakumbuka kila kitu, mpaka nyufa za ile sakafu aliyokuwa akichutama. Nikamuuliza, kwa nini basi uliniletea khanga?

Akasema, "Nilijua na mimba ya pili nitakukuta wewe."

Nilikaa pale barazani mpaka adhana ya alasiri. Alinisamehe, alinipa na chai, lakini miaka 23 yule mwanamke alikuwa ameibeba siku yake ya kuwa mama pamoja na mkono wangu. Alizaa wengine wanne baada ya yule. Wawili alizalia nyumbani.

Wewe usingoje miaka 23. Yule binti wa miaka 17 atarudi kliniki mtoto akifika wiki sita, kwa chanjo. Angalia zamu ya kliniki ya siku hiyo ni ya nani, ubadilishane naye.